Mkono Usiohitaji Betri

Alfajiri ya Julai 16, 1945, katika jangwa la New Mexico nchini Marekani, mwanafizikia Joseph McKibben alibonyeza swichi iliyoanzisha hesabu ya sekunde za mwisho kabla ya bomu la kwanza la nyuklia kulipuka. Miaka saba baadaye binti yake aliugua polio, mikono ikapooza. Baba akaingia kazini upya, safari hii akitafuta nguvu ndogo tu, ya kumwezesha mtoto kufumba vidole na kushika kitu.

Alichokipata ni mrija wa mpira uliovishwa ala ya nyuzi zilizosukwa, ukafungwa ncha zote mbili. Ukijazwa upepo, mpira unavimba. Kwa kuwa nyuzi zenyewe hazivutiki, ala haiwezi kutanuka bila kufupika. Nayo ikifupika inavuta kilichofungwa mwishoni, kama ufanyavyo msuli wa binadamu. Mrija hufupika kwa karibu robo ya urefu wake, hauna gia wala chuma kizito, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuuunda kwa mpira laini, ala ya kufunikia nyaya za umeme, klipu mbili na pampu ya baiskeli. Tatizo lake ni upepo. Mgonjwa alilazimika kutembea na mtungi wa gesi, na mtungi ukiisha mkono unalala. Ndiyo maana msuli wa McKibben leo unaonekana zaidi kwenye maabara za roboti kuliko miilini mwa watu.

Tangu hapo kazi ya kutafuta msuli wa bei nafuu haijakoma. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Ray Baughman wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, walionyesha kuwa nailoni ya mshipi wa kuvulia samaki, ikisokotwa mpaka ijikunje yenyewe, hufupika kwa nguvu kubwa ikipashwa moto. Malighafi yake ni dola chache kwa kilo. Lakini sehemu kubwa ya nishati hupotea kama joto, na lazima uzi upoe ndipo urefuke tena. Kwa mtu anayetaka kushika kikombe sasa hivi, bado.

Kwa maoni yangu, jibu lililo karibu zaidi nasi ni la zamani kuliko yote hayo: kamba.

Richard van As, seremala wa Johannesburg, alikatwa vidole na msumeno mwaka 2011. Alipoona bei ya vidole vya bandia, aliamua kujitengenezea, akamtafuta Ivan Owen, Mmarekani aliyekuwa ameunda mkono mkubwa wa maonyesho. Walishauriana kwa intaneti, kila mmoja bara lake, na mwanzoni mwa 2013 wakaachia michoro ya mkono wa mtoto itumiwe bure na yeyote mwenye printa ya 3D. Ndani yake hamna mota. Mtoto akikunja kifundo cha mkono, kamba zinakazika na vidole vya plastiki vinafumba. Akikinyoosha, mipira midogo inavirudisha. Haufai kunyanyulia ndoo ya maji, na asiye na kifundo hawezi kuutumia, lakini umewafungulia mlango watoto wengi.

Kwa aliyekatwa juu zaidi, kamba hiyo huanzia begani. Mkanda huzungushwa mgongoni, na waya uliomo ndani ya mfereji wake, wa aina ileile ya breki ya baiskeli, hushuka hadi kwenye ndoano ya chuma. Mtu akisukuma bega mbele, ndoano inafunguka. Akilegeza, mipira iliyovishwa shingoni mwa ndoano inaifunga. Anayetaka ibane zaidi huongeza mpira mmoja. Ndoano ya namna hii ilipata hataza Marekani mwaka 1912, na bado inavaliwa.

Uzuri wake mkubwa hauonekani kwa macho. Mkazo wa waya husikika begani, hivyo mvaaji anajua ndoano imefunguka kiasi gani hata akiwa gizani. Mikono mingi ya umeme, yenye bei ya makumi ya maelfu ya dola, haimpi mwenyewe hisia hiyo. Lazima aitazame inapofanya kazi.

Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, kuanzia miwani hadi viungo bandia, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Pengo hilo halizibwi na mkono wa mota ambao chaja yake ikiharibika haipatikani wilayani. Mafundi tunao: chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Wapewe karakana, malighafi na mishahara.

Nawe unayetaka kumchangia ndugu au jirani mkono wa bandia, kabla hujalipa muulize fundi: waya ukikatika, nani ataubadilisha, na duka la karibu linauuza?