Kiwavi wa mahindi: pompi inafika akisha kushiba

Ndugu walimaji wa Butembo na Beni, mvua ya Septemba imeshuka, mahindi ya musimu A yanatoka, na kipepeo naye amekwisha kuamka. Ni mdogo, rangi ya udongo mkavu, anatembea usiku. Mchana hamumuoni. Mtoto wake ndiye mumemuzoea: yule kiwavi mwenye kula muhindi mpaka moyo. Kwa Kifaransa wanamuita kiwavi-askari wa otone, kwa sababu kule Marekani anaharibu mashamba majira hayo. Sisi otone hatuna, lakini miezi yake ni ile ile ya musimu A, basi jina halikukosea sana. Afrika alionekana mara ya kwanza 2016, na 2017 alikuwa amekwisha kuenea Kongo na Uganda.

Kila musimu watu wanatuuliza: tununue dawa gani? Sisi tunauliza kwanza: kiwavi wako iko na siku ngapi?

Kipepeo jike anataga mayai 100 mpaka 200 fasi moja juu ya jani, anayafunika na manyoya sawa pamba chafu. Kisha siku 3 hivi yanapasuka. Watoto ni wadogo kabisa. Wanakwaruza jani na kuacha vidirisha vyeupe. Siku hizo njo za kumshinda, hata kwa kidole tu. Kisha wiki moja au mbili anaingia ndani ya moyo. Wakubwa wanakula wenzao, mara nyingi anabaki mmoja kwa kila muhindi, na anajifunika na mavi yake sawa vumbi la msumeno. Hapo upulize bidoni nzima, dawa inabaki juu ya mavi. Yeye iko chini anakula. Watu wengi wanakimbia kwenye boutiki siku ile wanaona mavi. Franka zimetoka, kiwavi amebaki.

Kumtambua: kichwani ana alama nyeupe sawa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa 4 meusi yaliyojipanga kama pembe nne za meza.

Huko Beni, kwenye joto, kutoka yai mpaka kipepeo ni siku 30 hivi. Butembo, kwenye baridi, inaweza kufika 60. Kwa hiyo mutu wa Beni aangalie shamba mara mbili kwa wiki, siku ya kwanza na siku ya ine. Wa Butembo mara moja inaweza kutosha. Lakini wa Butembo wasiseme hii ni shida ya Beni. Upepo ukimusaidia, kipepeo anaweza kuruka kilometa 100 usiku mmoja, na kati ya miji yetu miwili ni kilometa 54 tu.

Ukiingia shambani, tembea sawa herufi W. Simama fasi 5, kila fasi angalia mihindi 10. Kama mahindi yako kwenye magoti na kati ya 50 umekuta 10 au zaidi yenye kuliwa karibuni, fanya kazi. Kama ni 3 au 4, ponda mayai, toa viwavi kwa mkono, urudi nyumbani. Majani yenye matundu yanatisha macho, lakini muhindi wenye nguvu unapona.

Majivu ya jiko, au mchanga laini, tia kidogo katika moyo wa kila muhindi wenye kiwavi. Ni kazi ya mgongo, hatufichi, lakini haina bei. Maharagi katikati ya mahindi yanasaidia pia. Na siafu musiwaue! Huko Amerika ya Kati walimaji wanamwagia mahindi maji ya sukari kusudi siafu wapande, wale viwavi.

Kama dawa inalazimika, ipulizwe asubui sana ao jioni, ndani ya moyo, viwavi wakiwa wangali wadogo. Dawa ya kupimiwa katika chupa ya Fanta, bila karatasi ya maelezo, muiache sokoni. Hamujui ni nini, na mtoto akiiona atafikiri ni kinywaji.

Sasa jambo lenye tunaogopa kusema kwa wepesi. Kuandika «mara mbili kwa wiki» ni rahisi. Wenzetu wa upande wa Oicha, Mbau na Eringeti wanapitisha hata wiki mbili bila kufika shambani juu ya usalama, na wiki mbili njo zenye kiwavi anahitaji. Hatuwezi kuwaambia muhatarishe maisha kwa ajili ya mahindi. Mahindi yapandwe karibu na nyumba, kwa wote siku zile zile kusudi kipepeo asipate kila wiki shamba changa. Mbali muweke muhogo, huyu kiwavi hana haja naye sana. Ukaguzi ufanywe kwa salongo ya koperative: watu kumi wanamaliza mashamba mengi asubui moja, wanarudi pamoja.

Na mukirudia shamba lililoachwa, musianze na pompi. Fungueni moyo kwanza. Kama jani jipya linatoka zima, kiwavi amekwisha kushuka udongoni, na muhindi unaendelea.