Ulimi mzito si ulevi: Jinsi wataalamu wanavyotambua maradhi ya usemi

MTU mzima anapoanza kusema kwa ulimi mzito, mara nyingi majirani hutaja pombe kabla ya kutaja hospitali. Katika eneo la Sotik, kaunti ya Bomet, mkulima anayekokota maneno kwenye kituo cha kununulia majani chai huenda akadhaniwa kuwa amelewa chang'aa. Wengine husema amerogwa, au kwamba akili zimempotea kwa sababu ya uzee.

Dhana hizo ni za hatari. Ikiwa usemi umeharibika ghafla, huenda mtu huyo amepatwa na kiharusi, na kumwacha alale "ili pombe imtoke" ni kumpotezea muda wa matibabu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa kabla ya kupita saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuthibitisha kuwa damu haivuji ubongoni.

Ili mtu atamke neno moja tu, mapafu husukuma hewa, zoloto hutoa sauti, nalo kaakaa laini huzuia hewa isitokee puani. Ulimi, midomo na taya huikata sauti hiyo iwe silaba. Kazi yote hiyo huongozwa na ubongo kupitia neva. Hitilafu ikitokea mahali popote kwenye njia hiyo, usemi huharibika. Mbali na kiharusi, chanzo chaweza kuwa majeraha ya kichwa, kama yale yanayotokana na ajali za bodaboda, ugonjwa wa Parkinson, uvimbe wa ubongo, au maradhi yanayodhoofisha neva na misuli.

Kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kutenganisha mambo matatu yanayofanana masikioni mwa watu. La kwanza ni afasia, ambapo lugha yenyewe imeathirika: mgonjwa hukosa maneno, huyabadilisha, au haelewi anachoambiwa, na hata kuandika humshinda. La pili ni disathria. Hapa lugha ni nzima, lakini misuli ya usemi ni dhaifu, imekakamaa au haipatani. Mgonjwa huelewa kila kitu na, iwapo alisoma na mkono wake una nguvu, huweza kuandika anachotaka kusema.

La tatu ni apraksia ya usemi. Misuli ina nguvu, ila ubongo umepoteza mpango wa kuiendesha. Mgonjwa hupapasa kwa midomo akitafuta sauti, na makosa yake hubadilika kila anaporudia neno. Cha ajabu ni kwamba yale aliyoyazoea huweza kumtoka bila taabu. Huenda akaitikia salamu ya "Chamgei" vizuri kabisa, au akahesabu hadi 10, kisha akashindwa kulitamka neno aliloombwa kulirudia.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo mingi. Kwanza mtaalamu huuliza tatizo lilianza lini, kama lilikuja ghafla au polepole, mgonjwa anatumia dawa gani, na kama anapaliwa anapokula. Kisha hutazama uso kama umelegea upande mmoja, na ulimi kama unakwenda kombo, umekonda au unachezacheza.

Baadaye mgonjwa huvuta pumzi na kutamka "aaa" kwa muda mrefu awezavyo. Mtu mwenye afya kwa kawaida hupita sekunde 10. Hutakiwa pia kurudia "pa-pa-pa", "ta-ta-ta", "ka-ka-ka", halafu "pa-ta-ka" kwa kasi. "Pa" hupima midomo, "ta" ncha ya ulimi, na "ka" sehemu ya nyuma ya ulimi. Mwisho husoma kifungu, au hueleza picha ikiwa hajui kusoma, na kuzungumza kama kawaida. Ikiwa usemi unafifia kadiri anavyohesabu na kurudi anapopumzika, daktari hushuku ugonjwa wa misuli unaoitwa mayasthenia.

Msingi wa kuainisha disathria uliwekwa na Frederic Darley, Arnold Aronson na Joe Brown wa Mayo Clinic, Marekani. Mwaka wa 1969 walichapisha matokeo ya kusikiliza sauti za wagonjwa 212 na kuzipima kwa vigezo 38. Walionyesha kuwa namna ya kusema hudokeza mahali palipoathirika. Sauti ya puani yenye kuvuja pumzi huashiria misuli iliyolegea kwa sababu ya neva zilizodhurika. Sauti iliyokabwa na ya polepole hutokana na madhara ya pande zote mbili za ubongo. Sauti ya chini, isiyopanda wala kushuka, huonekana katika Parkinson. Nao usemi unaoyumba kama wa mlevi hutoka kwenye serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu miendo. Hata hivyo, sikio pekee halitoshi. Daktari wa neva na picha ya ubongo huhitajika kuthibitisha.

Lugha ya kupimia nayo ni muhimu. Kikipsigis hakitofautishi "p" na "b", wala "t" na "d", jinsi Kiswahili kinavyofanya. Mzee wa Sotik anayesema "papa" badala ya "baba" huenda hana ugonjwa wowote. Ni vyema apimwe kwa lugha yake, mbele ya jamaa anayejua jinsi alivyokuwa akisema zamani.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini Kenya, na wengi wako katika miji mikubwa. Kwa hivyo mzigo wa kwanza huwaangukia maafisa wa kliniki na wauguzi wa hospitali za karibu kama Kaplong, Longisa na Tenwek. Vipimo vilivyotajwa hapa wanaweza kuvianza wao, kisha wakampa mgonjwa barua ya rufaa.

Jamaa nao wana wajibu. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, waangalie saa na kumkimbiza mgonjwa hospitalini. Wasimpe chakula, maji wala dawa kinywani, kwa kuwa huenda hawezi kumeza salama.

Aidha, mwenye disathria hajapoteza akili. Asiachwe nje ya mashauri ya ardhi au ya matibabu yake kwa sababu tu maneno yake hayasikiki vyema. Apewe muda, aulizwe maswali ya ndiyo au la, au apewe kalamu. Aliye na ulimi mzito bado ana neno lake.