Mavuno si mali mpaka yakauke: Somo kutoka mashamba ya mahindi Iowa

WAKATI mkulima wa Tanga au Kilimanjaro anasubiri mvua za vuli apande, mwenzake wa jimbo la Iowa, Marekani, yuko katika pilikapilika za kuvuna. Huko, Septemba hadi Novemba ni majira ya majani ya miti kupukutika. Jua hupungua nguvu, siku huwa fupi na baridi hukaribia.

Iowa ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa mahindi nchini humo. Sensa ya kilimo ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa shamba la wastani jimboni humo lina ekari zipatazo 345. Ekari moja huweza kutoa tani tano, sawa na magunia 50 ya kilo 100. Hata hivyo, mashamba mengi bado ni ya familia, na kazi hufanywa na watu wachache wa nyumba moja.

Mtu anaweza kudhani kuwa mkulima wa namna hiyo hana wasiwasi. Lakini swali linalomnyima usingizi ni lile lile linalomsumbua mkulima wa Mbozi au Kitale: mahindi yamekauka?

Avune leo au asubiri?

Mahindi hukomaa yakiwa na unyevu wa kati ya asilimia 30 na 35. Baada ya hapo punje haziongezeki tena, zinapoteza maji tu. Mkulima akiyaacha shambani, jua na upepo humkaushia bure. Lakini kusubiri nako kuna gharama. Mabua hulegea na kuanguka, mahindi hudondoka chini, na mvua au theluji inaweza kumkuta hajamaliza.

Kwa sababu hiyo, wengi huanza kuvuna unyevu ukiwa kati ya asilimia 20 na 25, kisha hukausha kwa mashine zinazotumia gesi. Wanunuzi huko kwa kawaida hutumia kiwango cha karibu asilimia 15, na anayepeleka mahindi yenye unyevu zaidi hukatwa fedha. Kwa hiyo kila siku ni hesabu: gharama ya gesi upande mmoja, hatari ya kupoteza mazao upande wa pili.

Mwaka 2019 hesabu hiyo iliwachachia wengi. Mvua zilichelewesha upandaji, mahindi yakavunwa yakiwa mabichi, na kila mkulima akahitaji gesi kwa wakati mmoja. Ilipofika Novemba gesi iliadimika, na baadhi yao walilazimika kusimamisha kazi huku mazao yakiwa bado shambani.

Kila mtu na kazi yake

Mara nyingi soya huvunwa kwanza, kwani maganda yake yakikauka kupita kiasi hupasuka na kumwaga punje. Asubuhi husubiriwa umande ukauke. Mmoja huendesha kombaini, mwingine huvuta tela la nafaka kwa trekta, na wa tatu hupeleka mzigo kwenye vihenge vya chuma kwa lori. Chakula huletwa shambani ili mashine zisisimame. Kabla ya kulala, majani makavu huondolewa kwenye injini ya kombaini, maana cheche moja inaweza kuteketeza mashine na shamba.

Kazi inayoogopwa zaidi iko ndani ya kihenge. Nafaka inapotolewa kwa chini, mtu aliyesimama juu yake huzama, na anaweza kufunikwa wote katika muda usiozidi nusu dakika. Mara nyingi aliyeingia alikuwa akivunja mabonge ya nafaka iliyoganda kwa sababu ilihifadhiwa mbichi. Ndiyo maana kanuni ni kuzima mashine kwanza, na mtu asiingie peke yake.

Bei nayo ina majira yake. Kwa kawaida huwa chini wakati wa mavuno, kila mtu anapouza. Wengi huuza sehemu ili kulipa madeni, na kuhifadhi inayobaki wakitarajia bei nzuri zaidi. Lakini anayeweza kusubiri ni yule tu ambaye nafaka yake ni kavu.

Vipi kwa mkulima mdogo?

Mkulima wa Afrika Mashariki hahitaji kombaini ili afuate kanuni hiyo. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Juu ya hapo ukungu hupata nafasi, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya kati ya Tanzania.

Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, jaza mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, hivyo rudisha mahindi kwenye turubai. Isipoganda, endelea kuanika kidogo kabla ya kufunga magunia, kwa kuwa asilimia 15 bado ni juu ya kiwango.

Mfanyabiashara naye apige hesabu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20 likikaushwa hadi asilimia 13.5 hubaki na kilo 92.5. Aliyelinunua kwa bei ya mahindi makavu amelipia kilo saba na nusu za maji, na akiliweka ghalani lilivyo anaweza kupoteza gunia zima.

Kwa mkulima wa Iowa, kazi ya msimu huisha pale nafaka iliyo ndani ya kihenge inapokuwa kavu, wala si siku kombaini inapotoka shambani. Kwa mwenye ekari mbili na turubai moja, kanuni ni hiyo hiyo.