Vipokea sauti visivyo na waya: tunaogopa mionzi, tunasahau sikio

Mwezi Machi 2019 habari moja ilizagaa kwenye magazeti na mitandao ya nchi nyingi: wanasayansi wapatao 250 wametia saini waraka kuonya kwamba AirPods na vipokea sauti vingine visivyo na waya huenda vikaleta saratani. Waraka ulikuwepo kweli, na saini zilikuwepo. Lakini uliandikwa mwaka 2015, wakati AirPods zilikuwa hazijaingia sokoni, na ulizungumzia mawimbi ya sumakuumeme kwa jumla, kuanzia simu na minara yake hadi Wi-Fi na miundombinu ya umeme. Bidhaa hiyo haikutajwa humo hata mara moja. Masahihisho yalitolewa, na kama ilivyo kawaida ya masahihisho, hayakufika mbali.

Hofu ikabaki. Mzazi anamnyang'anya mwanawe vipokea sauti kwa sababu ya "mionzi", halafu anamnunulia vya waya vya bei poa ambavyo hakuna ajuaye vinapiga kelele kiasi gani. Ukizipima hatari hizi moja moja, mawimbi ndiyo yenye sheria kali kuliko zote na ushahidi hafifu kuliko zote. Yanayojulikana kuumiza watu ni mambo mengine: sauti, betri, na kifaa ambacho hakuna anayejua kimetengenezwa na nani.

Tuanze na mawimbi hayo hayo. Kipokea sauti cha Bluetooth kinatumia masafa ya gigahezi 2.4, masafa yale yale ya Wi-Fi na ya jiko la mikrowevu. Hapo ndipo watu wengi hushtuka. Lakini jiko linatumia mamia ya wati, tena ndani ya sanduku la chuma, ilhali vipokea sauti vingi vimewekwa kwenye daraja la Bluetooth lenye kikomo cha miliwati 2.5, yaani sehemu mbili na nusu kati ya elfu za wati moja. Zaidi ya hapo, mawimbi ya redio si sawa na eksirei. Nishati iliyomo ndani ya fotoni moja ya gigahezi 2.4 ni ndogo mara laki kadhaa kuliko ile inayohitajika kuvunja kiungo cha kemikali ndani ya seli. Kitu ambacho mawimbi haya yamethibitika kufanya mwilini ni kupasha joto, na ndiyo maana vikomo vya kisheria vinapima joto: wati ngapi zinaingia katika kila kilo ya mwili.

Ulaya, na nchi nyingi zinazofuata miongozo ya tume ya kimataifa ya ICNIRP, zimeweka kikomo cha wati 2 kwa kilo, kwa wastani wa kipande cha gramu 10 za kichwa. Marekani imeweka 1.6, lakini kwa kipande cha gramu moja tu, kwa hiyo namba hizo mbili haziwezi kuwekwa kwenye mzani mmoja. Sasa piga hesabu ya Ulaya. Chukua miliwati 2.5 zote, udhani kwamba zote bila kubakisha zimezama ndani ya gramu 10 za nyama iliyo karibu na sikio. Haiwezekani, kwa sababu mawimbi hutawanyika kila upande, lakini tudhani hivyo. Utapata wati 0.25 kwa kilo, sehemu moja ya nane ya kikomo. Kwa hesabu ya aina hii, viwango vya Ulaya haviwalazimishi watengenezaji kupima maabara kifaa ambacho wastani wa nguvu yake hauzidi miliwati 20: hata kikitaka kuvuka kikomo, hakina cha kuvukia.

Simu yenyewe ni habari nyingine. Simu ya GSM ya masafa ya megahezi 900, inapotafuta mnara wa mbali, inaweza kufikia wastani wa wati 0.25 hivi, mara mia ya kipokea sauti kile. Anayepiga simu kijijini kwenye mtandao dhaifu, simu ikiwa imebanwa sikioni, anapokea mawimbi mengi kichwani kuliko aliyeiweka mezani akaongea kwa Bluetooth. Ajabu ya mjadala huu ni kwamba kifaa kinacholaumiwa ndicho kinachokiondolea kichwa sehemu kubwa ya mawimbi.

Ila simu iliyotoka sikioni huenda mfukoni, na huko nako kuna vikomo. Septemba 2023 wakala wa masafa wa Ufaransa, ANFR, uliamuru iPhone 12 isiuzwe nchini humo baada ya vipimo kuonyesha wati 5.74 kwa kilo kwa kipimo cha viungo, yaani simu ikiwa mkononi au mfukoni mwa suruali, wakati kikomo ni 4. Apple ilitoa sasisho la programu kwa simu za Ufaransa, na mauzo yakaendelea. Hakuna aliyeripotiwa kuugua. Vikomo hivi vimewekwa chini sana ya kiwango kinacholeta madhara. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu nyingine: simu hiyo ilikuwa sokoni tangu mwaka 2020, na kasoro ilionekana pale tu mdhibiti alipoinunua dukani na kuipima mwenyewe.

Kuhusu saratani, mwaka 2011 shirika la IARC la Umoja wa Mataifa liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi ambao lenyewe liliuita finyu. Mwaka 2024 uchambuzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, ukiwa umepitia tafiti 63, haukuona uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia simu miaka kumi na zaidi. Kama simu ya robo wati haikuonyesha uhusiano huo, sioni sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya miliwati 2.5.

Sikio ndilo la kuogopewa. Ndani ya koklea kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Hufa taratibu, bila maumivu, zikianza zile za sauti nyembamba. Mtu hugundua miaka mingi baadaye, pale anapowasikia watu wakiongea lakini haelewi wanasema nini, hasa penye kelele.

WHO na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, walitoa kiwango kinachoitwa H.870, kinachochukulia sauti kama posho ya wiki. Mtu mzima ana posho ya desibeli 80 kwa saa 40. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, nishati ya sauti huongezeka maradufu, na muda hukatwa nusu: desibeli 83, saa 20; desibeli 86, saa 10. Ukifika 90 umebakiwa na saa nne kwa wiki nzima. Kwenye 100, posho yote inaisha kwa dakika 20 hivi, yaani nyimbo tano au sita za Bongo Fleva. Kwa watoto, hesabu inaanzia desibeli 75.

Hapa mazingira yetu yana neno. Ndani ya daladala au matatu, injini inaunguruma na konda anapiga kelele mlangoni. Abiria hapandishi sauti kwa sababu anapenda kelele; anapandisha ili asikie juu ya kelele. Kipokea sauti kinachoziba tundu la sikio vizuri, au kinachopunguza kelele za nje kwa umeme, humruhusu asikilize kwa sauti ya chini. Hiyo ni faida halisi ya kiafya, na kwangu ni sababu nzuri ya kulipia zaidi kuliko kina cha besi. Kwa dereva wa bodaboda ni kinyume kabisa: sikio lililozibwa halisikii honi ya lori linalokuja nyuma. Na kuongea bila kushika simu hakumwokoi. Mwaka 2011 Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilipendekeza madereva wapigwe marufuku hata simu za vipokea sauti, kwa hoja kwamba kinachotekwa ni akili, mikono ni sehemu ndogo tu ya tatizo.

Kuna watu wanaovaa vifaa hivi kwa kulipwa. Wahudumu wa simu katika vituo vya huduma kwa wateja huvaa hedseti zamu nzima, nao wana hatari yao ambayo wengi hawajawahi kuisikia: mshtuko wa sauti. Mteja yuko kwenye laini, ghafla unatokea mlio mkali, labda wa mashine ya faksi, king'ora au mrejesho wa mtandao. Mhudumu anaruka kitini. Baadaye anapata maumivu ya sikio, hisia ya sikio kujaa, mlio usiokoma, kizunguzungu, au anaanza kuumizwa na sauti za kawaida kama mgongano wa sahani. Akipimwa, mara nyingi usikivu wake unaonekana ni wa kawaida, na msimamizi anadhani anasingizia. Tatizo hili limeandikwa sana Australia na Uingereza, ambako vituo vya simu viliongezeka mapema. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba misuli midogo ya sikio la kati hujikaza kwa kushtuka na kubaki na tabia hiyo.

Hedseti ya kazini iliyotengenezwa vizuri ina kizuizi ndani yake. Uingereza kikomo kilichozoeleka ni desibeli 118. Lakini namba hiyo inazuia mlipuko wa ghafla tu. Wastani wa siku nzima ni suala jingine, na Ulaya agizo la mwaka 2003 kuhusu kelele kazini linamtaka mwajiri aanze kuchukua hatua wastani wa saa nane unapofika desibeli 80. Mwajiri aliyenunua hedseti nzuri akasahau chumba chenye kelele hajamaliza kazi: wahudumu watapandisha sauti kama abiria wa daladala. Na kila mmoja apewe sifongo zake za masikio, zisirithiwe kati ya zamu na zamu.

Betri nayo ina kisa chake. Februari 2017, ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Beijing kwenda Melbourne, abiria aliyelala na hedfoni za betri masikioni aliamshwa na mlipuko. Alizivua na kuzitupa sakafuni, zikawa zinatoa cheche na moto mdogo. Wahudumu walizimwagia ndoo ya maji. Uso wa abiria huyo ulipata weusi, mikono ikapata malengelenge. Picha zake zilichapishwa na ofisi ya usalama wa usafiri ya Australia. Betri ya lithiamu ikipata shoti ndani hujipasha joto yenyewe, na joto hilo huchochea joto zaidi. Kabla ya kusafirishwa, aina ya betri inatakiwa ipite majaribio ya Umoja wa Mataifa yanayoitwa UN 38.3: shinikizo dogo la angani, joto na baridi, mtikisiko, shoti, kubondwa, kuchajiwa kupita kiasi. Anayetengeneza bidhaa bandia huokoa pesa hapo hapo, kwa kuruka majaribio na kuondoa saketi ndogo inayokata umeme betri ikijaa.

Wagonjwa wenye vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo wana onyo lao pia, nalo halihusu mawimbi. Ni sumaku. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri vifaa vyenye sumaku kali vikae sentimita 15 mbali na kifaa kilichopandikizwa. Kijisanduku cha kuchajia kina sumaku, na mfuko wa shati si mahali pake.

Je, nembo zilizo kwenye boksi zinakulinda? Kwa kiasi. Nembo ya CE, kwa vifaa vingi vya redio, huwekwa na mtengenezaji mwenyewe akitangaza kwamba amefuata agizo la Ulaya la mwaka 2014 kuhusu vifaa vya redio. Kama hana jina wala anwani, nembo hiyo ni wino tu. Namba ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, ina faida moja: unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya tume hiyo ukaona picha za kifaa na ripoti za vipimo vyake. Ukiona picha ya kifaa kingine kabisa, umejua. Kwetu, vifaa vinavyorusha mawimbi vinatakiwa viwe vya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya.

Idhini hiyo si urasimu mtupu, na mfano ni mzigo unaotumwa na ndugu aliye Marekani. Hedseti nyingi za ofisini hazitumii Bluetooth bali mfumo wa DECT, ambao Ulaya uko kwenye megahezi 1880 hadi 1900. Marekani umehamishiwa 1920 hadi 1930. Kwetu kipande hicho kimo ndani ya masafa ambayo simu za 3G hutumia kuongea na mnara. Hedseti mpya kabisa, halisi, yenye nembo zote za Marekani, inaweza kuwa inauchafulia mnara wa jirani usikivu wake bila mwenyewe kujua. Ukiipeleka ya Ulaya Marekani, unaingilia simu zao vivyo hivyo.

Kwa simu bandia, serikali zetu zilipata njia. Kenya ilizizima mwishoni mwa Septemba 2012, Tanzania Juni 2016, kwa kutumia namba ya IMEI ambayo kila simu huitangazia mtandao. Kipokea sauti hakina IMEI wala hakiunganishwi na mtandao wa kampuni yoyote. Kinaongea na simu yako tu. Kikishatoka kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue hakuna anayeweza kukizima kutoka popote, kwa hiyo ukaguzi unabaki bandarini na kaunta ya duka. Pale kaunta, omba kifaa kitolewe kwenye boksi, utafute namba ya modeli iliyochapwa kwenye kifaa chenyewe au kijisanduku chake, uilinganishe na ya boksi. Bidhaa bandia nyingi hukwama hapo.