Maji yanakaribia kwa kasi gani leo? Grafu inaweza kukuonyesha

Ukikaa Kajaga, upande wa ziwa, unajua kwamba Tanganyika haisogei kwa hatua zinazolingana. Ardhi ni tambarare, hivyo ziwa likipanda sentimita chache tu, ukingo wa maji unasogea mita nyingi. Na hayaondoki upesi, maana ziwa lote lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie.

Kila asubuhi, saa ile ile, pima kwa kamba umbali kutoka mlangoni hadi ukingo wa maji. (Usiende gizani, viboko wa huku unawafahamu.) Kwenye karatasi ya miraba weka siku chini na mita pembeni, tia nukta, kisha ziunganishe kwa mstari laini.

Tuchukue mfano. Siku ya 0 maji yako mita 50. Siku ya 4 yako mita 46, siku ya 8 mita 34, siku ya 10 mita 25. Mwenye haraka atasema: mita 25 kwa siku 10 ni mita 2.5 kwa siku, bado nina siku 10. Hesabu yake ni sahihi, lakini ni wastani. Imechanganya siku za mwanzo, maji yalipokuwa yakitambaa. Familia inahitaji kasi ya leo.

Tazama mstari: ulianza karibu kulala, sasa unaporomoka. Siku 2 za mwisho maji yamesogea mita 9, yaani 4.5 kwa siku. Sasa weka rula iguse mstari kwenye nukta ya siku ya 10 bila kuukata, ikifuata mwelekeo wake pale pale, uchore. Hapa rula inapita mita 45 siku ya 6 na mita 15 siku ya 12: mita 30 kwa siku 6, sawa na mita 5 kwa siku. Mwanao wa sekondari ataiita tanjenti. Mteremko wake ndio kasi ya papo hapo.

Kwa kasi hiyo zimebaki siku 5. Na kwa kuwa mstari unazidi kuinama, maji yanaweza kufika hata kabla ya hapo. Vyeti na dawa vitangulie kuhamishwa, magodoro yafuate.

Njia hii ni ya ziwa linalopanda polepole. Rusizi ikivunja kingo usiku, acha karatasi, ondoka.