Mzigo Ukae Juu ya Mfupa

Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, akitoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, kwa safari ya kilomita 800 na ushei. Vitambaa havikufungwa ovyo. Vilikunjwa, vikabanwa, vikapigwa mpaka vikawa mtumba mgumu kama gogo, maana mzigo uliolegea huteleza, na mzigo unaoteleza humchosha mtu jua halijapanda. Kisha mtumba ulikaa begani, mahali penye mfupa wa kuupokea.

Huwa namkumbuka mpagazi huyo ninapowatazama vijana wa Tabora wakifanya tizi uani. Wanalala kwenye benchi la mbao chini ya mwembe, wanasukuma kutoka kifuani bomba la maji lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande. Nguvu wanazo. Kinachowaponza ni kifundo cha mkono.

Mmoja wao alinijia ameshika mkono wake wa kulia.

“Shikamoo, mwalimu. Hapa panauma nikisukuma chuma.”

“Marahaba. Hebu lala, usukume bomba tupu nione.”

Alipolishika tu, jibu lilionekana. Bomba lilikuwa limekaa kwenye mashina ya vidole, kiganja kimelala nyuma, na vifundo vya vidole vinaelekea kichwani kwake badala ya kuelekea juu. Mkono ulikunjika kama tawi lililoelemewa na embe.

Kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo, kina mifupa miwili. Ule wa upande wa kidole gumba ndio unaopokea sehemu kubwa ya uzito unaotoka kiganjani. Kati yake na kiganja vimepangana vifupa vinane vidogo, vilivyofungwa pamoja kwa kano. Chuma kikikaa sawasawa juu ya kigasha, uzito hushuka kwenye mfupa moja kwa moja, nazo kano hazina kazi kubwa. Kikisogea nyuma, mfupa hauna la kusaidia. Chukua chuma cha kilo 60, yaani kilo 30 kwa kila mkono. Kikikaa sentimita 5 nyuma ya mstari wa mfupa, kifundo kinapambana na mzigo sawa na kilo 3 zilizoning’inizwa kwenye ncha ya fimbo ya nusu mita. Rudia hivyo mara 10, seti 4, siku tatu kwa wiki, halafu ujiulize kwa nini panauma.

Dawa yake huanza kabla chuma hakijanyanyuliwa. Usikishike kwa kukipokea moja kwa moja vidoleni. Geuza mikono kidogo kwa ndani, chuma kipite kiganjani kwa mshazari: kianzie kwenye pengo la kidole gumba na cha shahada, kiishie kwenye nyama nene iliyo chini ya kiganja, karibu kabisa na kifundo. Hapo ndipo ufunge vidole, na kidole gumba kizunguke chuma. Wapo wanaokiacha gumba upande mmoja na vidole vingine kwa madai kwamba kifundo kinatulia. Siwaungi mkono hata kidogo. Jasho likitoka, hakuna kinachozuia chuma kuviringika na kuangukia kifua au shingo.

Wengine wakisikia hayo hukaza kifundo mpaka kinanyooka kama rula, au hata kinainamia mbele. Nalo ni kosa. Mpindo mdogo wa kurudi nyuma ni wa kawaida. Ndio unaofanya chuma kitulie kwenye nyama ya kiganja.

Upana wa mshiko nao una neno. Chuma cha mashindano kina alama mbili zilizoachana sentimita 81, na kanuni za mchezo wa kunyanyua uzito kwa nguvu haziruhusu vidole vya shahada kupita hapo. Bomba la uani halina alama, kwa hiyo mkono mmoja hushika mbali na mwingine karibu, kisha kifundo kimoja ndicho kinachoumia. Pima kutoka katikati, weka chaki au utepe pande zote mbili. Upana wako ni ule ambao, chuma kikigusa kifua, vigasha vyote viwili vinasimama wima kama nguzo, ukitazamwa kutoka miguuni na kutoka ubavuni. Pima makopo yako pia, kwani zege la kukadiria kwa macho halilingani.

Na bomba lenyewe lisiwe nene mno. Chuma cha kawaida kina unene wa milimita 28 au 29. Bomba nene hukifungua kiganja, vidole havifiki, nalo huteleza kurudi vidoleni. Bandeji za kifundo husaidia wanaobeba mizigo mikubwa, lakini haziwezi kuhamisha chuma kilichokaa pasipo pake. Ukihisi ganzi kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, acha kusukuma uende hospitali, maana huenda mshipa wa fahamu umebanwa.

Yule kijana nilimpa mpini wa jembe kwa wiki nzima, bila uzito wowote. Mwenzake alisimama ubavuni akiangalia mstari mmoja tu: mpini, kifundo, kiwiko. Siku ya nane akarudia bomba, bila makopo.