Barua pepe ikikurudia, usikimbilie kulaumu konekisho

Tuseme shirika dogo la afya lenye ofisi Himbi, mjini Goma, limetuma ripoti yake ya wiki kwa mfadhili. Haipiti dakika moja, jibu limeingia, nalo limetoka kwa mashine: mistari ya Kiingereza na, katikati yake, nambari 550 5.7.26. Ofisini kauli ni ile ile: leo konekisho ni mbaya. Laini inabadilishwa, mega zinaongezwa, ripoti inatumwa upya. Inarudi vile vile.

Konekisho haina kosa hapa. Ingekatika, barua ingebaki kwenye kompyuta ya mtumaji ikisubiri. Na kama seva ya mpokeaji ingekuwa imezimika, seva inayotuma ingejaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku 4 au 5, kabla ya kukata tamaa. Nambari zenyewe zinasema: jibu linaloanza na 4 lina maana ya kizuizi cha muda, linaloanza na 5 ni kukataliwa kabisa. Hiyo 5.7.26 hutolewa na Gmail pale inaposhindwa kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa yule ambaye jina lake limeandikwa.

Tatizo lina umri mkubwa. Kanuni za kusafirisha barua pepe, SMTP, ziliandikwa na Mmarekani Jon Postel na kutolewa Agosti 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache zilizoaminiana. Hazikudai uthibitisho wowote wa mtumaji. Ni kama bahasha inayopanda boti Bukavu kuja Goma: nyuma yake mtu anaweza kuandika jina la yeyote, na boti itaileta tu.

Matapeli waliutumia mwanya huo. Aprili 2020, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza kwamba walaghai walikuwa wakituma barua kwa jina lake ili michango ya kupambana na Covid-19 iende kwenye mfuko wa uongo. Goma inajua uzito wa jambo hilo. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola mjini humu alithibitishwa Julai 2019, katika mlipuko ulioua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Kongo hadi 2020. Katika siku kama zile, tangazo moja la uongo kuhusu chanjo, lenye anwani ya ofisi ya afya, linaweza kuwafukuza watu kituoni.

Ndiyo maana ukaguzi wa aina tatu uliongezwa juu ya kanuni za zamani. Wa kwanza, SPF, ni orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako. Mwenye kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @, huiweka hadharani katika rekodi za DNS, daftari la majina la mtandao, kwa mstari mfupi kama huu: v=spf1 ip4:192.0.2.25 -all. Maana yake: seva yenye anwani hiyo ni yangu, nyingine zote si zangu.

Wa pili, DKIM, ni saini ya kidijitali. Seva yako hutia saini kwa ufunguo wa siri, na seva ya mpokeaji huikagua kwa ufunguo wa wazi uliomo kwenye DNS. Maneno yaliyotiwa saini yakibadilishwa njiani, saini haikubaliki tena.

Wa tatu, DMARC, huangalia kama jina analoliona msomaji linalingana na lile lililothibitishwa, kisha humwambia mpokeaji la kufanya lisipolingana: aipokee barua tu, aitenge kwenye taka, au aikatae.

Kwa miaka mingi, aliyepuuza haya bado alifikisha barua zake. Februari 2024 Google na Yahoo zilikaza: kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua nyingi, kwa Google zaidi ya 5,000 kwa siku, awe na zote tatu. Microsoft ikafuata Mei 2025 kwa watumaji wakubwa wa aina hiyo.

Makosa yanayoangusha ofisi ndogo yanajulikana. Barua zimehamishiwa kampuni nyingine, lakini orodha ya SPF bado inataja seva ya zamani. Au fomu ya tovuti inatuma kwa jina la anwani ya Yahoo kupitia seva isiyo ya Yahoo. Hiyo imekuwa ikikataliwa tangu Aprili 2014. Au kuna rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja, na zote zinahesabiwa kuwa batili.

Kwa hiyo usitume mara kumi. Kurudia hakubadilishi rekodi. Soma ile nambari, kisha mpelekee fundi ujumbe wote uliorudi, si picha ya nusu yake. Aanze na DMARC ya kupokea tu, asome taarifa zitakazoletwa na seva za wapokeaji, halafu akaze polepole.

Ila fundi hafanyi lolote bila nywila ya kikoa. Katika mji ambako miradi hufungwa na wafanyakazi huhama, mara nyingi nywila huondoka na aliyetengeneza tovuti. Iandikwe katika hati za makabidhiano, pamoja na tarehe ya kulipia kikoa, kabla mtu huyo hajaaga.